Sura ya Tisa: Mtambo wa Ng'ambo

Mtu akichoka kupita kiasi huanza kuongea na viatu vyake. Asubuhi ile Inspekta, ambaye kituo kizima kuanzia mkuu hadi mahabusu kilimwita Shangazi, alivivua vyake chini ya meza ya mahojiano na kuviambia, "Ninyi bakini hapo. Mimi nimefika." Miguu yake ilikuwa imeumuka kama maandazi yaliyosahauliwa karibu na jiko.

Mahabusu aliyekaa mbele yake hakucheka. Alikuwa fundi wa kompyuta, mwembamba, mwenye shati lililofungwa vifungo hadi shingoni, na mchana huo gari lingempeleka mahakamani kwa kosa la kuiba mashine aliyoichagua mwenyewe. Aliyemshtaki ni mama mkwe wake.

"Tuanze upya," Shangazi alisema.

"Tumeshaanza upya mara nyingi, Shangazi."

"Hata chai hupashwa moto."

Koplo, aliyekaa pembeni na kalamu, alipiga mwayo mrefu hivi kwamba nzi wawili waliingia humo na aliyetoka ni mmoja.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi, na kesi nyepesi ndizo zinazochosha, maana kila mtu anakuwa na jibu kabla hujauliza swali. Bi Mkubwa, mama mkwe wa Fundi, ana jengo la ghorofa. Chini ni ukumbi wake wa michezo ya kompyuta, juu amepangisha. Wateja wake hucheza mchezo mmoja uitwao Ngome: wanajenga mji wenye ukuta, wanaulinda, wanauana kwa furaha, kisha wanarudi makwao kula. Ili wote wakutane ndani ya mji ule mmoja, lazima iwepo mashine moja ya kuwabeba wote. Hiyo ndiyo seva. Ya zamani ilizeeka, ikawa inahema kama mbuzi mnene aliyepandishwa mlima, ndipo Fundi akatumwa kutafuta mpya. Akaileta. Ikajaribiwa wiki nzima, ikasifiwa. Kisha ukumbi ukapakwa rangi. Fundi akaizima, akaifunga ndani ya boksi lake, akaiweka stoo. Rangi ilipokauka boksi likafunguliwa mbele ya wateja, na ndani mlikuwa na ile ya zamani. Kufuli lilikuwa zima. Funguo zilikuwa mbili tu, mmoja wa Bi Mkubwa na mmoja wa mkwe wake.

"Niambie tena kwa nini uliichagua hiyo," Shangazi alisema.

"Wateja walitaka ile kubwa iliyotoka maofisini, yenye ubongo, yaani prosesa, wa vichwa ishirini na kitu. Ilikuwa na ukubwa wa kabati, na watu wanapenda kabati. Nikawaambia jamani, Ngome ni jiko la mpishi mmoja. Anayehesabu nani kapigwa na nani kaanguka ukutani ni kichwa kimoja tu, vingine vinakaa kumtazama. Ukijaza jikoni wapishi ishirini wazito, chakula hakiivi mapema. Nikachukua yenye vichwa vichache, lakini kila kimoja kina mbio."

"Wakakuelewa?"

"Walinyamaza. Ilipopotea wakasema nilichagua ndogo ili iwe rahisi kubeba."

Koplo alicheka puani. Shangazi alimtazama, naye akajifanya anakohoa.

"Na ile habari ya kupanga seva badala ya kununua?"

"Hiyo ni ya Ng'ambo."

Ng'ambo alikuwa mpangaji wa juu, wakala wa kukodisha seva. Jina lake halisi hakuna aliyelikumbuka, kwa sababu kila sentensi aliyoianza ilipanda meli. Tangu mashine ipotee, yeye ndiye aliyewapangisha wachezaji wa Ngome seva iliyoko, kwa maneno yake, ng'ambo ya bahari.

"Kupanga si dhambi," Fundi alisema. "Umeme ukikatika hapa, seva ya mbali haina habari. Ikiharibika, wa kuhangaika ni mwenyewe. Ukiwa na yako inabidi uinunulie na betri ya akiba, ile ambayo umeme ukikatika inalia tii, tii, kama kifaranga, kukwambia uizime kwa adabu kabla haijazimika kwa aibu. Tabu ya ng'ambo ni umbali. Unampiga mtu upanga sasa hivi, anaanguka ukishaondoka."

"Umbali unaonekana wapi?"

"Pembeni ya skrini, Shangazi. Kuna namba, tunaiita pingi. Ni muda wa kuuliza na kujibiwa. Seva ikiwa humo humo ndani unapata mbili au tatu. Ikiwa ng'ambo ya bahari, hata ufanyeje, inapita mia."

"Hata mtambo ukiwa mzuri?"

"Barua haivuki bahari haraka kwa uzuri wa bahasha."

Shangazi alivaa viatu. Kazi hiyo ilichukua muda, na hakuna aliyemharakisha.

"Shangazi," Fundi alisema, sauti ikiwa imeshuka. "Mke wangu yuko wapi?"

"Kwa mama yake."

"Na sanduku lake la nguo?"

"Na sanduku."

Fundi aliinamisha kichwa. Bi Mkubwa alikuwa ameshatamka mbele ya mashahidi kwamba hakimu akimsomea mkwe wake shtaka, basi binti yake harudi tena kwa mume. Na Bi Mkubwa alikuwa mtu ambaye neno lake likishatoka, hata yeye mwenyewe hawezi kulirudisha.

*

Ukumbi ulinuka rangi mpya. Kuta zilikuwa na weupe wa maziwa yaliyoanza kuganda, na kompyuta zilipangwa safu mbili zikipeana mgongo. Watu wanne walikuwa ndani ya Ngome, vidole mbioni, midomo wazi. Nyuma ya kaunta alikaa binti wa Bi Mkubwa, mke wa Fundi, akihesabu vipokea sauti vya masikioni ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa. Sanduku lake lilikuwa chini ya miguu yake. Hakuwa amelifungua.

Shangazi alitazama saa ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa kwenye nne. Akatazama yake ya mkononi: mshale mfupi kwenye kumi.

"Saa yako imekufa, Bi Mkubwa?"

"Iko hai kuliko yako." Bi Mkubwa alitoka stoo akijifuta mikono kwenye khanga, mwanamke mpana, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. "Sasa hivi saa ngapi?"

"Saa nne."

"Na mshale wangu uko wapi?"

"Kwenye nne."

"Basi. Yako inasema kumi, wewe unasoma nne. Hiyo si saa, ni mwongo anayehitaji mkalimani. Mimi nikiambiwa ni saa nne nataka kuiona nne."

Koplo alifungua mdomo kubisha, akaona uso wa Bi Mkubwa, akaufunga.

Shangazi alikaa kwenye kiti cha kwanza kilichokuwa karibu. "Wakati wa kupaka rangi, nani aliingia stoo?"

"Mpaka rangi. Na yule mtu."

"Yule mtu ana jina. Ni mkwe wako."

"Alikuwa."

Binti nyuma ya kaunta alianza kuhesabu upya.

Mpaka rangi hakuwa na la zaidi. Koplo alikuwa amemshika juzi kutwa nzima akiamini amepata mtu wake, na mzee wa watu akakiri bila kuulizwa kwamba ameiba makopo mawili ya rangi ya Bi Mkubwa akapaka chumba chake. Walikwenda kukiona. Kilikuwa cheupe kama maziwa yaliyoanza kuganda. Mashine hakuwa nayo. Hata plagi chumba kile hakikuwa nayo.

"Leo mchana natia sahihi na Ng'ambo," Bi Mkubwa alisema. "Mkataba wa miaka. Nimechoka na mambo ya kununua vyuma, vinaleta wivu, vinaibwa na watu wa nyumbani. Seva yake iko mbali, hakuna mkwe wa kuifikia. Na iko mbio. Mwulize yeyote hapa."

"Mbio kiasi gani?"

"Hebu mkalishe huyo kijana wako aone."

Koplo alikalishwa kwenye kompyuta na kupewa askari wa kulinda lango. Alilinda kwa muda wa kupiga chafya moja, kisha mtu fulani wa safu ya pili, bila kugeuza shingo, akamkata kichwa.

"Pole, afande," mtu huyo alisema.

"Nilikuwa sijajiandaa."

"Hata marehemu wengine husema hivyo."

Shangazi hakuwa anatazama vita. Alikuwa ameinama, miwani puani, akitafuta pembe ya skrini. Namba ilikuwepo, ya kijani. Tatu. Ikawa mbili. Ikarudi tatu.

"Hii ndiyo pingi?"

"Ndiyo hiyo," Bi Mkubwa alisema kwa fahari. "Ng'ambo ana mitambo, mama. Yule mtu hakuwahi kutupa namba kama hiyo."

"Aliwahi," binti alisema. Ndiyo mara yake ya kwanza kusema tangu waingie. "Ile wiki ya majaribio. Ilikuwa hivyo hivyo, mama. Mbili, tatu."

"Nimekuuliza?"

"Hapana, mama."

Shangazi alinyanyuka. Magoti yalitoa mlio wa mlango wa ghala. "Koplo, utakufa tena baadaye. Twende juu."

*

Ngazi za jengo lile zilijengwa na mtu aliyekosana na magoti ya binadamu. Walipofika juu, Shangazi alisimama akisoma kibao cha mlangoni hadi pumzi ziliporudi. Kibao kilikuwa na maneno matatu tu, kwa hiyo alikisoma mara kadhaa.

Ng'ambo aliwafungulia mwenyewe. Suti ya kijivu, tai, viatu vya kung'aa, na jasho. Chumba kilikuwa na joto la tanuri. Kulikuwa na meza moja, kompyuta ndogo ya mezani, viti viwili, na pazia zito la kahawia lililokata kona ya chumba. Feni la kusimama lilikuwa linapiga upepo kwa nguvu zake zote. Lilikuwa limelielekea pazia.

"Karibuni, karibuni. Ng'ambo ofisi kama hii ingekuwa na kiyoyozi, lakini ndiyo hivyo, tuko huku."

"Feni lako linampepea nani?" Shangazi aliuliza.

Ng'ambo alijifuta shingo kwa leso. "Limevunjika shingo. Haligeuki."

"Nyuma ya pazia?"

"Nalala hapo wakati mwingine. Samahani, Shangazi, kitanda cha mwanamume mpweke si kitu cha kuonyesha wageni."

Shangazi alikaa. Koplo alibaki mlangoni, akalitazama feni kama mtu anayemtazama jirani aliyemnyima salamu.

"Nimeambiwa seva yako iko ng'ambo."

"Iko kwenye jengo lisilo na madirisha. Kuna walinzi. Kuna baridi ya kugandisha maji. Mitambo imepangwa kama vitabu, huoni mwisho."

"Umewahi kufika?"

"Picha nimeziona."

"Una uthibitisho gani kwamba iko huko na haiko kwingine?"

Ng'ambo hakuchukia swali. Alilipenda. Aligeuza kompyuta, akagonga kibodi, na dirisha jeusi lenye maandishi meupe likafunguka. "Hapa niko ndani ya seva yenyewe. Naiuliza saa. Hapa kwetu sasa hivi saa ngapi?"

Koplo alitazama simu. "Saa tano na dakika kidogo."

"Asubuhi, watu wako kazini, jua kali. Sasa tazama huko."

Maandishi yalitokea. Tarehe ya leo, na saa: tano na dakika kidogo, ikifuatiwa na herufi mbili zinazoonyesha kwamba ni kabla ya adhuhuri. Kwenye mashine zote za dunia, hiyo maana yake ni saa kumi na moja alfajiri.

"Huko ndiyo kwanza kunapambazuka," Ng'ambo alisema. "Wako nyuma yetu saa sita kamili. Dunia ni duara, Shangazi. Huwezi kulidanganya jua."

"Huwezi," Shangazi alikubali. Aliitazama ile saa kwa muda, akashukuru, akaomba mkono wa Koplo ili ainuke.

Nje, ngazini, Koplo alishusha pumzi. "Basi kweli iko ng'ambo. Kesi imerudi kwa Fundi."

"Pingi ni tatu."

"Labda kweli ana mitambo mizuri."

"Barua haivuki bahari kwa uzuri wa bahasha."

"Na saa je? Saa inasema alfajiri. Shahidi mmoja anasema karibu, mwingine anasema mbali. Mmoja anadanganya."

"Au wote wanasema kweli na sisi ndio hatujui kusikiliza," Shangazi alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na ngazi. Alikuwa anateremka kwa ubavu, mguu mmoja kwanza, mkono ukutani, kama kaa mzee. Alipofika katikati, mlango wa ukumbi ukiwa wazi chini yake, alisimama.

Koplo karibu amgonge. "Mguu?"

Shangazi alikuwa anatazama ndani ya ukumbi, ukutani, juu ya vichwa vya wachezaji. Mshale mfupi wa saa ya Bi Mkubwa ulikuwa kwenye tano.

*

Alimwita binti nje, kwenye kibaraza, mbali na masikio ya mama yake.

"Ile mashine mpya ilipoletwa, nani aliiwekea saa?"

"Mume wangu."

"Aliiweka vipi?"

Binti alitabasamu kidogo, tabasamu la kwanza na la bahati mbaya, likazimika. "Aliiweka sawa. Kisha mama akaja kuangalia. Akauliza, mbona sasa ni saa mbili na mashine yako inasema nane? Sitaki mwongo mwingine humu ndani. Mume wangu akairudisha nyuma saa sita, ilingane na ile ya ukutani."

"Hakumwambia kwamba kompyuta haziwekwi hivyo?"

"Mama mkwe unamwambiaje hivyo, Shangazi? Alisema ndiyo mama, akarudisha. Tulicheka baadaye nyumbani."

"Ng'ambo hakuwepo?"

"Hakuwepo. Nani angemsimulia jambo kama hilo?"

Shangazi alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa. Koplo alikuwa anasogeza midomo, akihesabu kwa vidole: tano, kumi na moja, sita nyuma. Alipomaliza aliacha mdomo wazi.

"Kwa hiyo hiyo si alfajiri ya ng'ambo," alisema.

"Ni saa tano ya Bi Mkubwa. Ng'ambo aliikuta hivyo akadhani ni kosa, kisha akaona kosa lenyewe limemletea bahari bure."

"Basi tukamvute."

"Kwa hati gani? Hakimu anataka maombi ya maandishi, na kuyasoma atayasoma kesho. Gari la mahakama linaondoka leo. Mpigie dereva, mwambie asiondoke."

"Nimpe sababu gani?"

"Mwambie tairi limelala. Asiliamshe."

Kisha Shangazi aliingia ndani kumtafuta Bi Mkubwa, akamkuta stoo. Ile mashine ya zamani ilikuwa bado ndani ya boksi la mpya, kama bibi aliyevishwa gauni la bi harusi.

"Kabla rangi haijakauka, kuna kitu chochote kilitoka humu?"

"Hakuna. Takataka tu."

"Zilitoka na nani?"

"Ng'ambo alinisaidia. Printa mbovu, nyaya, makorokoro ndani ya boksi. Mimi mgongo huu sibebi. Nilimshikia na mlango."

"Ulikuwa naye muda wote humu ndani?"

"Nilikwenda kumletea maji. Mtu anakubebea takataka, humpi maji?" Bi Mkubwa alianza kuona kitu, na kwa kuwa hakutaka kukiona, alipandisha sauti. "Unataka kusema nini? Mashine ya zamani ilikuwa wapi siku hiyo? Ilikuwa pale juu ya rafu, imefunikwa shuka. Ng'ambo angejuaje..."

Kwenye rafu ilibaki shuka tupu. Walilitazama boksi pamoja.

"Uliangalia alichobeba?"

"Nifungue takataka nione nini?" Safari hii aliuliza kwa sauti ndogo.

"Swichi kubwa ya umeme ya jengo ni ya nani?"

"Yangu. Kila kitu humu ni changu. Hata mtandao anaotumia huko juu ni wangu, umo ndani ya kodi."

"Ya juu na ya chini zimetengana?"

"Zimetengana."

"Leo mchana utampa kalamu, Bi Mkubwa, lakini usitie sahihi mpaka nikuambie."

*

Wateja walikuja wengi kuliko viti. Kuchagua seva kulikuwa kumewagawa kama msiba wenye wajane wawili: waliotaka kununua nyingine walikaa upande wa dirisha, waliotaka kupanga walikaa upande wa feni. Ng'ambo alisimama katikati na mkataba. Kompyuta zote zilikuwa ndani ya Ngome. Shangazi alikuwa ameomba iwe hivyo, ili, kwa maneno yake, wateja waone wanachosainiwa.

"Swali langu ni dogo," alisema kutoka kwenye kiti chake. Viatu alikuwa ameshavivua. "Umeme ukikatika katika jengo hili, seva ya Ng'ambo inazimika?"

"Haizimiki kamwe," Ng'ambo alisema. "Huo ndio uzuri wa kupanga. Umeme wenu na umeme wa ng'ambo havijuani."

"Wote mmesikia?"

Waliitikia. Shangazi alijikuna sikio. Koplo, aliyekuwa mlangoni, alitoka.

Hakuna kilichotokea. Taa za ukumbi ziliwaka, feni zilizunguka, askari wa Ngome waliendelea kukatana. Koplo alirudi kutoka kwenye swichi ya juu, akasimama mahali pake. Bi Mkubwa alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi. Upande wa feni wakaanza kunung'unika: tunasubiri nini?

Ndipo ikasikika. Juu ya vichwa vyao, ndani ya dari, ndogo, ya mbali kidogo.

Tii. Tii. Tii.

Ng'ambo aligusa mfuko. "Simu yangu."

"Simu yako umeishika mkononi," Shangazi alisema.

"Basi ni panya."

"Panya wa huku hulia chwi, chwi," alisema yule mtu wa safu ya pili, bila kugeuza shingo. "Huyo kasoma."

Hakuna aliyecheka kwa muda mrefu. Wote waliinua nyuso darini kama kuku wanaokunywa maji. Tii, tii, tii, sasa kwa haraka, kwa huzuni, kama kifaranga kilichoachwa nje. Kisha mlio mmoja mrefu. Kisha kimya.

Ndani ya Ngome kila mtu alisimama alipokuwa. Upanga uliokuwa njiani haukufika. Aliyekuwa anaanguka ukutani alibaki hewani. Skrini zote, moja baada ya nyingine, zikaandika kwamba seva haipatikani.

"Naona kumekatika umeme ng'ambo," Shangazi alisema.

Ng'ambo aliutazama mlango. Koplo alikuwa ameegemea hapo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuwa na usingizi.

"Feni halikuvunjika shingo," Shangazi aliendelea, akitafuta kiatu kwa mguu. "Mtambo ndio ulikuwa unaona joto kuliko wewe. Nipe ufunguo kwa hiari yako, baba. Nikipanda zile ngazi kwa hasira, mimi na wewe wote tutajuta."

Ng'ambo aliutoa. Ulitoka kwenye mfuko ule ule aliosema una simu.

Koplo alirudi amebeba mashine kifuani, ndogo, nyeusi, nyaya zikiburuta. Ubavuni mwake kulikuwa na alama ya vidole vitatu vya rangi ya maziwa yaliyoanza kuganda. Aliiweka kaunta mbele ya binti.

"Kwa hiyo," alisema mtu mmoja wa upande wa dirisha, polepole, akiwa bado anajaribu kulimeza, "tulikuwa tumepanga seva yetu wenyewe."

"Kutoka kwa mpangaji wetu wenyewe," mwingine alisema.

"Ndiyo maana ilikuwa nzuri," alisema yule wa safu ya pili.

Mkataba haukusainiwa na kura haikupigwa. Upande wa feni walihamia upande wa dirisha mmoja mmoja, kama watu wanaotafuta hewa.

*

Fundi aliletwa na gari lile lile lililokuwa limpeleke mahakamani. Hakuingia. Alisimama kizingitini, shati limefungwa hadi shingoni, akitazama chini ya kaunta. Sanduku lilikuwa bado pale, halijafunguliwa.

"Shikamoo, mama."

Bi Mkubwa alikuwa amegeukia ukuta. Alikuwa amepanda kiti, miwani puani, saa ya ukutani ikiwa mkononi mwake, na alikuwa anahangaika kuzungusha kidude cha nyuma.

"Ungeniambia," alisema bila kugeuka. "Siku ile. Ungesema mama, hivi sivyo wanavyoweka saa za kompyuta. Ningekasirika siku mbili, ningeacha."

"Ndiyo, mama."

"Ona sasa. Ndiyo mama, ndiyo mama." Alikibana kidude kwa kucha. "Hii saa nairudisha kama za watu wengine."

"Iache, mama," Fundi alisema. "Tafadhali. Iache hivyo hivyo."

Bi Mkubwa aliacha kuzungusha. Kisha aliirudisha saa msumarini, akateremka kwa shida, akafungua pindo la khanga na kutoa ufunguo wa stoo, ule wa pili, aliokuwa amemnyang'anya. Hakumpa mkononi. Aliuweka juu ya ile mashine.

"Marahaba," alisema. "Watu wanasubiri kucheza."

Binti alivuta sanduku kutoka chini ya kaunta, akalibeba hadi mlangoni, akaliweka karibu na viatu vya mumewe, upande wa nje.

Shangazi aliyaona hayo kutoka kwenye kiti chake. Koplo alimuuliza kama waondoke. Ripoti ilikuwa inasubiri na mkuu wa kituo alikuwa ameshapiga simu.

"Nakuja," alisema. Alikuwa amepata kiatu kimoja. Cha pili kilikuwa kimeingia chini ya kompyuta za safu ya pili, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuinama.